Ingia Roma kwa Mlango wa Kusini

Mtu wa kwetu akipata safari ya Roma, nyumbani hujadiliwa viza, nauli ya ndege, koti la baridi na zawadi za kupeleka. Kilomita 30 hivi za mwisho, kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino hadi mji wa kale, hakuna anayezitaja. Zinaachiwa wakala, au mwenyeji, au bango la kwanza litakaloonwa na macho yaliyochoka baada ya kuchukua mizigo. Naona hilo ni kosa, na hasara yake inazidi fedha. Njia uliyoingilia ndiyo inayokupa sura ya kwanza ya mji, na Roma ina sura moja inayotuhusu hasa sisi watu wa Afrika Mashariki. Msafiri anayepelekwa moja kwa moja hadi stesheni kuu ya Termini, au hadi mlangoni mwa hoteli, haioni sura hiyo.

Wasafiri wetu wa kwenda Roma ni watu wa kila aina. Wapo mapadri na masista wanaokwenda kusoma katika vyuo vya kipapa, kikiwemo Urbaniana kilichoko juu ya kilima cha Gianicolo. Wapo maofisa wa kilimo na chakula wanaokwenda kwenye mikutano ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Wapo mahujaji wa parokia zetu, wengi wao wazee, ambao wamechanga kidogo kidogo kwa miaka ili waione Basilika ya Mtakatifu Petro kabla hawajafumba macho. Wapo wanafunzi, na wapo ndugu wanaokwenda kuwatembelea ndugu. Walio wengi hawana fedha za kuchezea. Kwa watu kama hao, kuchagua usafiri wa uwanjani ni jambo zito, na wanastahili kuambiwa ukweli wake kabla hawajapanda ndege.

Uwanja wenyewe ulianza kupokea ndege mwaka 1960, wakati Roma ilipokuwa mwenyeji wa Michezo ya Olimpiki, ukafunguliwa rasmi mwaka uliofuata. Stesheni ya treni ndani ya uwanja ilikuja mwaka 1990, mwaka wa Kombe la Dunia nchini Italia. Leo treni mbili tofauti zinaondoka katika stesheni hiyo moja, zote zikiendeshwa na shirika moja la Trenitalia. Makala hii inahusu hasa kuchagua kati ya hizo mbili.

Ya kwanza ni Leonardo Express. Inakwenda Termini bila kusimama popote, inatumia dakika 32, na nauli yake ni euro 14 kwa mtu. Hii ndiyo inayotangazwa, na mgeni akisema tu anataka treni ya kwenda mjini, mara nyingi ndiyo anayoonyeshwa. Ya pili inaitwa FL1. Ni treni ya wafanyakazi na wakazi wa vitongoji, nauli yake ni euro 8, na inasimama njiani: Parco Leonardo, Fiera di Roma, Ponte Galeria, Muratella, Magliana, Villa Bonelli, kisha Trastevere, Ostiense, Tuscolana na Tiburtina. Termini haifiki kabisa, na kwa sababu hiyo wageni wengi huipita wakidhani haiwahusu. Kutoka uwanjani hadi Trastevere au Ostiense ni kama nusu saa, sawa na muda ambao ile nyingine inatumia kufika Termini.

Mabasi ya kampuni mbalimbali yapo pia, na kwa kawaida nauli yake iko chini ya ile ya FL1. Tatizo lake ni foleni. Siku ambayo barabara kuu ya Fiumicino imeshikana, basi la saa moja linaweza kukuweka njiani mpaka ukakata tamaa. Na gari la kukodi ukaendesha mwenyewe, kwa mtu anayelala katikati ya mji wa kale, silipendekezi kabisa. Eneo kubwa la mji huo limewekewa mipaka ya magari. Kamera zinasoma namba, na faini itakufuata hadi kwenye kampuni uliyokodi.

Sasa tuje kwenye teksi, maana hapa ndipo watu wetu wanapolanguliwa. Teksi halali za Roma ni nyeupe, zina namba ya leseni ubavuni na maandishi ya Roma Capitale. Manispaa imeweka bei moja ya safari kati ya Fiumicino na sehemu yoyote iliyo ndani ya kuta za Aurelian: euro 55, kwa gari zima, abiria hadi wanne, mizigo ikiwemo. Dereva haruhusiwi kudai zaidi kwa sababu ya begi la pili wala kwa sababu ni usiku. Nje ya mlango wa kuwasili, lakini, kuna wapiga debe wa teksi bubu. Watakusogelea kwa upole, watakuuliza unakwenda wapi, na wengine watakushika begi kabla hujajibu. Usiwafuate. Nenda mwenyewe kwenye foleni ya teksi nyeupe, hata kama ni ndefu.

Kuta hizo zinastahili maneno machache. Mfalme Aurelian alianza kuzijenga mwaka 271 kwa hofu ya makabila ya kaskazini yaliyokuwa yamekwisha kuivamia Italia. Zilizunguka mji kwa kilomita 19, na sehemu kubwa bado imesimama. Hofu ya mfalme wa karne ya tatu ndiyo inayopanga bei ya teksi yako leo. Lakini mpaka huo una jambo ambalo mahujaji wanapaswa kulijua: Vatikani haimo ndani yake. Mtaa wa Mtakatifu Petro ulikuja kuzungushiwa ukuta wake wenyewe baada ya miaka karibu 600, katika zama za Papa Leo wa Nne. Kwa hiyo ukifikia nyumba ya masista karibu na Vatikani, usichukulie kwamba bei ya euro 55 inakuhusu. Uliza bei kabla mlango haujafungwa.

Tupige hesabu. Watu wazima wanne wakipanda Leonardo Express kwa nauli ya kawaida wanalipa euro 56. Watu haohao wanne wakichukua teksi halali wanalipa euro 55 na kushushwa mlangoni. Kwa watu wazima wanne, basi, treni hiyo ya haraka haina hoja yoyote ya kujitetea. Wakipanda FL1 wanalipa euro 32, na tofauti inayobaki inatosha kuwalisha chakula cha mchana kwenye mtaa usio wa watalii. Msafiri mmoja anaokoa euro 6. Mtu anaweza kuona hizo ni kidogo, lakini azibadilishe kuwa shilingi kwanza, kisha azidishe kwa kundi la mahujaji 40.

Upo utetezi wa Leonardo Express ninaousikia mara kwa mara, kwamba ni ya haraka. Haraka hadi wapi? Termini iko pembeni ya mji wa kale, upande wa mashariki. Anayelala karibu na Pantheon au Campo de' Fiori, akishuka Termini, bado anapaswa kutafuta basi lililojaa, huku akilinda mifuko yake dhidi ya vibaka ambao wameifanya stesheni hiyo na njia zake kuwa shamba lao. Aliyeshuka Trastevere kwa FL1 anatoka nje, anapanda tramu namba 8, na baada ya muda mfupi yuko Largo di Torre Argentina, hatua chache kutoka Pantheon. Tramu hiyo husimamishwa nyakati za matengenezo, na hapo basi hushika nafasi yake. Anayekwenda Vatikani anabadilisha treni palepale Trastevere na kwenda stesheni ya San Pietro, ambako kuba la basilika linaonekana. Akate tiketi ya safari nzima hadi San Pietro tangu uwanjani, ili asihangaike katikati. Na hata yule anayelala karibu na Termini yenyewe anaweza kushuka Ostiense, akavuka kwa njia ya chini hadi kituo cha metro cha Piramide, akapanda mstari B kwa tiketi ya euro 1.50. Jumla ni euro 9.50. Atachelewa kidogo kuliko mwenzake wa euro 14, na atakuwa ameupita upande wa mji ninaotaka kuueleza.

Jambo moja la kiutendaji kabla sijaendelea. Tiketi ya karatasi ya treni hizi lazima igongwe kwenye mashine ndogo iliyoko karibu na jukwaa kabla ya kupanda. Kuwa nayo mfukoni hakutoshi. Mkaguzi akiikuta haina mhuri anakupiga faini, na kujieleza kwamba wewe ni mgeni hakusaidii. Waliozoea kukatiwa tiketi na konda njiani wasahau desturi hiyo kwa muda.

Sasa nieleze kwa nini nasema mlango wa kusini, yaani njia ya FL1 hadi Ostiense, ni wetu.

Ndege inapokaribia Fiumicino, abiria aliyekaa dirishani, ikiwa upande na njia ya kushukia vinamruhusu, anaweza kuona ziwa dogo lenye pande sita zilizonyooka. Ziwa la asili haliwi na umbo hilo. Hiyo ni bandari ya Mfalme Trajan, iliyochimbwa mwanzoni mwa karne ya pili, kila upande ukiwa na urefu wa zaidi ya mita 350. Kando yake ilikuwepo bandari ya zamani zaidi, iliyoanzishwa na Mfalme Claudius mwaka 42, ambayo imefukiwa na mchanga wa mto Tiber. Uwanja wa ndege umejengwa juu ya sehemu ya ardhi hiyo. Mafundi walipokuwa wakiujenga walifukua mabaki ya mashua za Kirumi, na leo zimewekewa jumba la makumbusho jirani na uwanja. Kwa hiyo mahali unapoonyesha pasipoti ni mahali pa kupokea wageni na shehena tangu miaka karibu 2,000 iliyopita.

Na shehena ya kwetu ilikuwemo katika biashara ile. Katika karne ya kwanza, mfanyabiashara wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alitunga mwongozo wa biashara ya Bahari ya Hindi, ambao wanahistoria wanauita Periplus. Humo aliutaja mwambao wetu kwa jina la Azania, na soko lake la mwisho kwa jina la Rhapta. Wataalamu hawajakubaliana Rhapta ilikuwa wapi hasa, ingawa wengi huiweka kwenye pwani ya Tanzania ya leo. Bidhaa alizoziorodhesha zinajulikana: pembe za ndovu, pembe za faru, magamba ya kasa. Zilipanda Bahari ya Shamu hadi bandari za Misri, zikavuka jangwa kwa ngamia, zikateremka mto Nile hadi Aleksandria, na kutoka hapo bidhaa za Mashariki zikasafirishwa kwa meli hadi Italia. Meli kubwa hazikuweza kuupanda Tiber. Mizigo ilishushwa bandarini, ikapakiwa kwenye matishali, na matishali yakavutwa kwa kamba kutoka ukingoni, dhidi ya mkondo, hadi kwenye gati za mjini.

Reli ya FL1 inafuata bonde lilelile la Tiber. Kutoka Ponte Galeria hadi Magliana mto uko upande wako wa kulia, ingawa mara nyingi hauonekani kwa ajili ya majengo. Nje ya dirisha utaona ghorofa za wafanyakazi, nguo zimeanikwa kwenye vibaraza, maghala, vibustani vya mboga kandokando ya reli. Ndani ya behewa wapo wafagiaji wa uwanja waliomaliza zamu, wauguzi, wanafunzi, wahamiaji wa mataifa mengi. Sioni haya kusema kwamba naipenda sehemu hii ya safari. Hawa ndio wanaouendesha mji wa Roma, na mgeni anayeanza kwa kukaa nao kiti kimoja anaanza vizuri.

Gati za kale zilikuwa kwenye mtaa unaoitwa leo Testaccio, karibu kabisa na stesheni ya Ostiense. Kuna kilima pale chenye kimo cha mita 35 ambacho chote ni vigae, vipande vya mamilioni ya mitungi ya mafuta ya zeituni iliyoletwa kutoka Hispania na Afrika ya Kaskazini, ikavunjwa na kupangwa kwa utaratibu baada ya kumiminwa. Ukitoka kituo cha Piramide, mbele yako kuna piramidi ya kweli, ya jiwe jeupe, kimo chake mita 36 hivi. Ni kaburi la ofisa wa Kirumi aliyeitwa Gaius Cestius, na lilijengwa kabla ya kuzaliwa Kristo, katika miaka ambayo Roma ilikuwa imeiteka Misri na matajiri wake wakapenda kila kitu cha Kimisri. Ukuta wa Aurelian ulipojengwa uliipitia piramidi hiyo na kuifanya sehemu yake. Hatua chache pembeni ni Porta San Paolo, lango linaloelekea kwenye kaburi la Mtume Paulo.

Stesheni ya Ostiense yenyewe ina historia ambayo inanifanya nishikilie hoja yangu kwa nguvu zaidi. Ilijengwa kwa ajili ya mgeni mmoja. Mwezi Mei 1938 Adolf Hitler alikuja Roma, na Mussolini, mtawala wa Italia wakati huo, hakutaka aingie kwa Termini. Alitaka ashuke kusini, apitishwe usiku kwenye barabara zilizowashwa taa, aione piramidi, kisha Circus Maximus, kisha Colosseum. Barabara ya kutoka stesheni ilipewa jina la mgeni huyo. Leo inaitwa Viale delle Cave Ardeatine, kwa kumbukumbu ya watu 335 waliouawa na Wajerumani kwenye mapango ya Ardeatine mwezi Machi 1944.

Katikati ya njia ile ya 1938, kwenye uwanja wa Porta Capena, kulikuwa na kitu kimoja zaidi ambacho Mussolini alitaka kionwe: mnara wa jiwe wa Aksum, wenye kimo cha mita 24 hivi. Majeshi yake yalikuwa yameingia Addis Ababa mwezi Mei 1936. Mwaka uliofuata mnara huo, ambao ulikuwa umelala umevunjika vipande huko Ethiopia, ulisafirishwa hadi Roma na kusimamishwa kama ushahidi wa ushindi. Jengo kubwa lililo mbele yake lilianzishwa ili liwe wizara ya makoloni ya Italia katika Afrika. Barabara inayofika hapo kutoka Piramide iliitwa Viale Africa. Mlango wa kusini uligeuzwa kuwa mlango wa kutuonyesha sisi tumeshindwa.

Tarehe 10 Septemba 1960, katika Olimpiki zilezile zilizofanyika uwanja wa Fiumicino ulipoanza kupokea ndege, Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia marathoni katika mji huu bila viatu. Mbio zilianza jioni kwenye kilima cha Campidoglio. Usiku ulipoingia, wakimbiaji walirudi mjini kwa barabara ya kale ya Appia, askari wakiwa wamesimama kandokando na mienge mikononi. Bikila alipita mbele ya mnara wa Aksum, akamwacha nyuma Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco, akamaliza peke yake chini ya tao la Mfalme Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Hakuna aliyewahi kukimbia marathoni kwa kasi ile. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kutoka kusini mwa Sahara kushinda dhahabu ya Olimpiki. Hii ni kabla ya Kipchoge Keino, kabla ya John Akii-Bua, kabla ya Filbert Bayi. Miezi michache kabla yake, mwezi Machi mwaka huohuo, Askofu Laurean Rugambwa wa Tanganyika alifanywa kardinali hapohapo Roma na Papa Yohane wa 23. Tunaposema mwaka 1960 ulikuwa mwaka wa Afrika, tuikumbuke na Roma.

Mnara ulichelewa zaidi kupata haki yake. Italia iliahidi kurudisha vitu vya Ethiopia katika mkataba wa amani wa 1947, lakini mnara haukufunguliwa vipande vyake hadi 2003, haukusafirishwa hadi 2005, na haukusimama tena Aksum hadi 2008. Uwanja wa Porta Capena leo hauna mnara huo. Lile jengo la wizara ya makoloni ndilo makao makuu ya FAO tangu mwaka 1951, na maofisa wetu wa kilimo huingia humo wakiwa na vitambulisho shingoni. Kituo cha metro cha Circo Massimo kiko mlangoni pake. Kutoka Piramide ni kituo kimoja tu. Kinachofuata ni Colosseo, na hapo unatokea mahali Bikila alipomalizia mbio zake.

Basi pima mwenyewe. Kwa euro 9.50, ndani ya saa moja hivi tangu uondoke uwanjani, umepita bandari iliyopokea bidhaa za dunia ya kale, umefuata mto uliobeba shehena, umeona piramidi, umepita chini ya uwanja ambapo jiwe la Aksum lilisimama kwa miaka zaidi ya 60, na umetokea mahali ambapo Mwafrika asiye na viatu alishinda mbele ya ulimwengu wote. Ni njia gani nyingine ya kuingia Roma inayompa msafiri wa kwetu yote hayo?

Haki inanitaka niseme kwamba Termini nayo haikukosa habari zetu. Uwanja ulio mbele yake, Piazza dei Cinquecento, umepewa jina kwa ajili ya wanajeshi wapatao 500 wa Italia walioangamizwa na majeshi ya Ras Alula huko Dogali, karibu na Massawa, mwezi Januari 1887. Kila siku maelfu ya watu wanaburuta mabegi juu ya jina hilo. Lakini pale ni kumbukumbu ya wafu wa upande mmoja tu, na hadithi inaishia kwenye maombolezo ya aliyekuja kuvamia. Kusini hadithi imesonga mbele: jiwe limerudi kwao, wizara ya makoloni imekuwa nyumba ya mataifa yote, na jina linalokumbukwa ni la mshindi wa Ethiopia. Napendelea mgeni wetu aanzie hapo.

Sitaki nieleweke kwamba kila mtu apande FL1 hata iweje. Mama wa miaka 75 aliyetoka Bukoba kupitia Dar es Salaam na Addis Ababa, miguu imevimba, asiburuzwe kwenye ngazi za metro ili ajifunze historia. Mpandisheni teksi nyeupe, na akiwa na wenzake watatu, gharama ya kila mmoja haifiki hata euro 14. Wanaotua usiku sana nao hawana la kuchagua, kwa sababu karibu na saa sita usiku treni husimama hadi kukaribia mapambazuko. Mwanamke anayesafiri peke yake usiku wa manane afanye kile kinachompa usalama, na asijali mtu anayehesabu euro. Na mwenye mkutano asubuhi ileile karibu na Termini, akiona Leonardo Express inamfaa, aipande kwa amani.

Ninaokataa kuwaelewa ni waandaaji wa safari za vikundi wanaojua haya yote na bado wanawauzia watu wetu mbuzi kwenye gunia. Hija inatangazwa parokiani kwa bei moja ya jumla, na ndani yake usafiri wa kutoka uwanjani umefichwa bila kuandikwa ni wa aina gani wala ni shilingi ngapi. Kikundi kinashushwa kwenye basi lenye mapazia, kinalala usingizi njia nzima, kinazinduka mbele ya hoteli iliyo mbali na kila kitu. Kesho yake kinaanza kukimbizwa kutoka basilika hadi basilika. Watu hawa wamelipa fedha za ng'ombe na za mavuno. Wana haki ya kujua kila senti yao imekwenda wapi, na wana haki ya kuuona mji walioulipia.

Nawaomba mapadri na viongozi wa jumuiya wanaoandaa hija zijazo wafanye mambo mawili. Kwanza, mdai wakala aandike nauli ya uwanja wa ndege peke yake, kwa kichwa, ili mahujaji waipime na euro 8 za treni na euro 55 za teksi nzima. Pili, pale ambapo ndege inatua mchana na kikundi kina nguvu, mizigo itangulie kwa gari na watu wapande FL1 hadi Ostiense. Wakitoka hapo, Basilika ya Mtakatifu Paulo, alikozikwa Mtume, iko vituo viwili tu vya metro kuelekea kusini: Garbatella, kisha Basilica San Paolo. Wasali hapo kwanza. Halafu wageuze, wapande mstari uleule kurudi mjini, washuke Circo Massimo, na kiongozi wao awasimulie habari za jiwe la Aksum na za Bikila kabla hawajaonyeshwa kitu kingine chochote cha Roma.